Redio Tunayoisikiliza Hulipiwa na Nani?

Hotuba iliyotolewa katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya Kitahana, Dar es Salaam

  

 Nikianza kutaja kila mmoja kwa cheo chake, dakika nilizopewa zitaishia hapo, na Mwenyekiti ameniambia kuwa wali uko tayari.

Mtakumbuka kwamba mwaka jana, katika hafla kama hii, mzee wetu mmoja alisimama akasema hivi: "Wenzetu wana redio zao. Sisi tunasubiri nini?" Ukumbi ulipiga makofi. Kisha kamati ikanigeukia mimi, kwa kuwa ni mhasibu, ikaniagiza nikatazame jambo hilo lina historia gani na lina gharama gani, nilete majibu leo. Nimefanya hivyo. Mzee yupo hapa, amekaa meza ya mbele, na ninaomba anivumilie, maana sikubaliani naye kwa kila jambo. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko makofi tuliyompigia.

Nimepitia historia ya redio katika milima yetu, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, kwa kuuliza swali moja tu, swali ambalo mhasibu yeyote angeuliza: nani alikuwa analipa? Nimegundua kwamba ukilijua jibu la swali hilo, unajua pia redio hiyo ilikuwa inasema na nani, na kwa nini siku moja iliacha kusema.

Nianze na nyumbani kwetu.

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa na redio ya National, ile ya bendi tatu, iliyokaa juu ya kabati ikiwa imefunikwa kitambaa alichokifuma mama. Haikuwa ya kuchezea. Iliwashwa kwa taarifa ya habari na kwa matangazo ya vifo, kisha ikazimwa ili betri zisiishe. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Wengi wenu mnacheka kwa sababu mliwahi kuzianika.

Mwaka huo babu alifariki. Baba akapanda baiskeli hadi posta Kibondo kumpelekea simu ya maandishi mdogo wake aliyekuwa Dar es Salaam, ili naye aende kituo cha redio, barabara ya Pugu, akalipie tangazo. Wakati ule simu ya maandishi ililipiwa kwa neno. Baba alikuwa ameandika majina ya wafiwa wote kwenye karatasi ya daftari langu la hesabu. Karani alipohesabu maneno na kutaja kiasi, fedha haikutosha. Baba akachukua kalamu akaanza kufuta. Alifuta wajukuu wote, na mimi nikiwamo. Akafuta binamu. Mwisho akafuta jina la dada yake aliyekuwa ameolewa Urambo, akiamini kaka zake waliotajwa watampelekea habari.

Shangazi alilisikia tangazo lile kwa masikio yake, kwenye redio ya jirani. Akasikia jina la baba yake mzazi, kisha wakatajwa watoto wa marehemu mmoja mmoja, na yeye hakutajwa. Alifika nyumbani baada ya siku nyingi, msiba umekwisha. Hakupiga kelele. Alimwuliza baba swali moja: "Kaka, mimi nilikuwa maneno mangapi?"

Baba hakuwa na jibu. Nami nadhani nilianza uhasibu siku ile.

Sasa twende kwenye historia yenyewe.

Utangazaji katika nchi yetu ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, wakati wa ukoloni, kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina lenyewe linaonyesha kuwa sisi wa Kibondo hatukuwamo. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, serikali ikalichukua, nayo ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile tuliyoizoea kwa kifupi RTD. Kwa zaidi ya miaka 25, mtu aliyekuwa nyumbani akitaka redio ya nchi yake alikuwa na hiyo moja. Pembeni yake, kwa masafa mafupi, zilisikika idhaa za Kiswahili za nje: BBC iliyoanza mwaka 1957 na Deutsche Welle ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963.

Nani alilipa? Serikali. Idhaa za nje nazo zililipiwa na serikali za nje. RTD ilikuwa na idhaa ya biashara yenye matangazo ya bidhaa, lakini mwenye mali alikuwa mmoja. Tusiwe wepesi wa kuubeza utaratibu ule. Mwaka 1973 ndipo ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwenye vikundi vijijini, redio ikiwa katikati, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu chao, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Inakadiriwa kuwa watu milioni 2 walishiriki nchi nzima. Wazee waliomo humu wanakumbuka. Redio ilisema "chimba" na mtu akachimba, kwa sababu palikuwa na kikundi, palikuwa na kiongozi wa kikundi, na palikuwa na kitabu. Ninaomba mlishike jambo hilo, nitalirudia.

Upungufu wa redio ya serikali ulikuwa kwamba ilisema na nchi nzima kwa wakati mmoja. Habari ya daraja la kwetu kuchukuliwa na maji haikuwa habari ya nchi. Bei ya maharage Mabamba haikuwa habari ya nchi. Sisi tulitajwa kwa majina yetu wakati wa kufa, na hapo nako kwa malipo.

Kisha yakaja mambo ambayo hakuna aliyeyaomba. Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na majirani zetu wakaanza kuvuka mpaka kuja kwetu. Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mwishoni mwa mwezi huo watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka pale Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa kama saa 24. Kuanzia mwaka 1996 wakaja Wakongomani, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Kibondo tukawa na Kanembwa, Mkugwa, Mtendeli, Nduta na Karago. Kasulu wakawa na Mtabila na Muyovosi pia.

Ndani ya misiba hiyo zimo redio mbili ambazo lazima nizitaje, kwa sababu ni somo kubwa kwa mtu yeyote anayesimama leo na kusema tuanzishe redio.

Ya kwanza ni RTLM ya Kigali. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Wengi wetu tunajua ilichofanya: ilichochea watu kuua majirani zao, ikataja majina ya watu na mahali walipojificha. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nami nilipolisoma nilishtuka kama mhasibu. RTLM haikuwa redio ya serikali. Ilikuwa kampuni binafsi, na iliuza hisa. Watu walichanga. Walikuwa na ukumbi wao, makofi yao, na orodha yao ya wachangiaji. Wapo walionunua hisa kwa nia mbaya, na bila shaka wapo walionunua kwa sababu wenzao wamenunua. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa hapa kwetu Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, Nahimana na Barayagwiza, pamoja na mwenye gazeti la Kangura, Ngeze. Adhabu zao zilipunguzwa kwenye rufaa mwaka 2007, lakini hawakuondolewa hatia zote. Somo ninalolitoa hapo ni kwamba kuchangia mtambo bila kujua nani atashika kipaza sauti ni hatari kuliko kutochangia kabisa.

Ya pili ni Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Jina lake Muha hahitaji kutafsiriwa. Iliwekwa karibu na kambi zile zile zilizojaa watu waliokimbia, kati yao wengi waliokuwa wamesikiliza RTLM, ili wapate habari za kweli kwa lugha wanazozielewa. Nasi wenyeji tukaisikiliza. Kwa mara ya kwanza ikapatikana redio ya jirani, inayotaja Kibondo bila kulazimika kueleza Kibondo iko wapi. Bibi yangu, ambaye Kiswahili cha taarifa ya habari kilikuwa kinampita juu ya kichwa, alivuta kigoda akasogea kwenye redio, maana Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. Mpaka leo kanuni za utangazaji wa nchi yetu zinataka Kiswahili na Kiingereza, na lugha nyingine ni mpaka kwa kibali. Kwa hiyo Muha mzee amekuwa akisikia maneno yanayokaribia ya mama yake kutoka kwenye redio zilizokusudiwa watu wengine.

Nani alilipa? Wafadhili. Walilipa kwa ajili ya wakimbizi, na walifanya jambo jema. Lakini fedha ya mfadhili humfuata mlengwa. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Wakaja wengine mwaka 2015, Nduta ikafunguliwa tena, na Mtendeli nayo ikafunguliwa, kisha Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Kila kambi ikifunguliwa, yanakuja magari, ajira na vipindi. Ikifungwa, vinaondoka. Sisi tuliobaki pale, ambao hatufunguliwi wala hatufungwi, hakuna bajeti yenye jina letu.

Sasa nafika kwenye redio za biashara, ambazo ndizo mzee wetu alizokuwa akiziwaza.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu watu binafsi kumiliki redio na televisheni. Mwaka uliofuata ikaanza Radio One ya marehemu Reginald Mengi. Baadaye zikafuata nyingine, Clouds FM ikiwamo, na vijana wa Dar es Salaam wakaanza kusikia muziki wao na lugha yao ya mtaani. Mwaka 2003 ikaundwa TCRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni hadi leo, ikitofautisha redio ya taifa, ya mkoa na ya wilaya, na ikitofautisha ya biashara na isiyo ya biashara.

Kwa watu wa kwetu, redio ya biashara iliyogusa mioyo ni Radio Free Africa ya Mwanza, iliyoanzishwa na Anthony Diallo katika miaka hiyo ya tisini. Ninaitaja kwa sababu mbili.

Kwanza, haikujengwa Dar es Salaam. Ilijengwa Kanda ya Ziwa, ikasikika nchi nzima. Ilikuwa ushahidi kwamba sauti inaweza kuanzia pembezoni. Pili, haikutegemea FM peke yake, ilitumia pia masafa ya kati. Mnaoijua milima yetu mtaelewa. FM husafiri kama mtu anayetazama kwa macho: ikikuta mlima, imefika mwisho. Mtambo ukiwa Kasulu mjini, bonde la nyuma ya mlima halipati kitu. Masafa ya kati hupita. Ndiyo maana mtu wa Kitahana aliweza kusikia Mwanza vizuri kuliko ambavyo angesikia mtambo mdogo wa FM uliofichwa na kilima.

Nani alilipa? Hapo ndipo penye somo. Redio ya biashara haiuzi vipindi kwa msikilizaji. Msikilizaji hapewi risiti. Redio ya biashara hukusanya masikio, kisha huyauza masikio hayo kwa mwenye bidhaa: soda, bia, sabuni, kampuni za simu. Mwanza ilikuwa na cha kuuza. Palikuwa na viwanda vya minofu ya sangara, palikuwa na pamba, na mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, ukifuatwa na Bulyanhulu mwaka 2001. Penye mishahara na mizunguko ya fedha, mwenye bidhaa hupeleka tangazo.

Tujiulize kwa uaminifu. Kitahana ina watu, ina mihogo, maharage, mahindi na asali. Majirani zetu wa milima ya Kasulu na Buhigwe wana kahawa na tangawizi. Tuna soko la Mabamba ambalo Warundi huvuka kuja kununua. Lakini nani atakayelipia tangazo kila siku? Mwenye duka la pembejeo atalipa wakati wa kupanda. Gesti italipa ikifunguliwa. Fundi seremala atalipa mara moja, kisha kila mtu atakuwa amemjua. Meneja masoko aliyeko hapa Dar es Salaam anatazama ramani na kuuliza, "Huko wanunuzi ni wangapi?" Anajibu mwenyewe, kisha anapeleka fedha Mwanza.

Ndugu zangu, sisemi hivyo kuwakatisha tamaa. Ninawasomea daftari.

Daftari la redio lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa mtaji: mnara, mtambo wa kurushia, studio, kompyuta, vipaza sauti. Huo ndio ukurasa ambao hafla kama hii inaweza kuujaza. Tukiamua kwa moyo mmoja, mtambo tutaununua, tutaupiga picha, na picha itatoka kwenye kijitabu cha mwaka ujao.

Ukurasa wa pili ni wa kila mwezi. Ada ya leseni na ya masafa. Umeme, pamoja na dizeli ya jenereta siku umeme ukikatika, na mnajua kuwa hadi miaka ya karibuni Kibondo na Kasulu nzima zilikuwa zinaishi kwa majenereta. Mishahara ya watangazaji, fundi na mlinzi. Malipo ya haki za wanamuziki. Radi ikipiga mnara, na milimani kwetu radi haina aibu, matengenezo. Halafu kuna kitu ambacho wahasibu tunakiita uchakavu: kila mwezi mtambo unazeeka, na usipoweka akiba ya kununua mwingine, siku ukifa na redio imekufa.

Harambee hununua ng'ombe. Haichungi. Mkimnunua ng'ombe kisha hamna wa kumchunga wala majani ya kumlisha, mmemnunulia fisi.

Na redio yenye njaa hulishwa na yeyote anayekuja na chakula. Atakuja mganga wa kuponya kila ugonjwa, atakuja anayeuza utajiri wa siku tatu, na mwaka wa uchaguzi atakuja mgombea na bahasha. Mwezi mishahara haijalipwa, nani atamkatalia? Na sisi tuko mpakani. Mei 2015, lilipotokea jaribio la mapinduzi Burundi, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa, mitambo ikaharibiwa ndani ya siku mbili, watangazaji wakakimbia. Redio ya mpakani inahitaji watu waliofundishwa kupima neno kabla ya kulisema, na mtu wa namna hiyo hafanyi kazi bure.

Wenzetu wengine wamepata njia. Kule Ukambani nchini Kenya iko Radio Mang'elete, inayomilikiwa na muungano wa vikundi vya akina mama wa vijijini. Vikundi vilikuwapo kabla ya redio. Akina mama wale walikuwa tayari wanakutana, wanachanga, wanaandika madaftari. Redio ilikuja kukaa juu ya msingi uliokuwa umeshakauka. Mnakumbuka niliyosema kuhusu Mtu ni Afya? Ni jambo lile lile. Kikundi hutangulia, mtambo hufuata.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, mapendekezo yangu kwa kamati na kwa hafla hii ni haya.

La kwanza: mwaka huu tusinunue mtambo. Tununue muda. Redio zinazosikika nyumbani tayari zipo, na zinauza muda kwa kipindi. Tulipie kipindi kimoja kwa wiki, mwaka mzima, siku na saa isiyobadilika, cha mambo ya Kitahana: bei za mazao, mbegu, zahanati, shule zetu na matokeo yake, barabara, na taarifa ya fedha ya chama hiki. Ndiyo, taarifa ya fedha. Mtu aliyeko shambani ana haki ya kusikia tulichokusanya leo na kilichotumika.

La pili: tuwasomeshe vijana wawili wa kwetu, msichana na mvulana, wajifunze utangazaji na uandishi wa habari, kwa makubaliano ya maandishi kwamba watarudi kukiandaa kipindi hicho. Mtambo hununuliwa kwa siku moja. Mtangazaji anayeaminika huchukua miaka.

La tatu: tuunde vikundi vya wasikilizaji katika vitongoji, juu ya vikundi vilivyopo vya kuweka na kukopa. Kila kikundi kiwe na redio moja na daftari moja. Baada ya kipindi, wajadili, waandike swali, swali lirudi redioni wiki inayofuata.

La nne: tufungue akaunti ya pembeni, ya akiba ya redio. Isiguswe mpaka iwe na fedha ya kuendesha kituo kwa miaka miwili bila tangazo hata moja. Siku ikifika hapo, mzee wetu asimame tena aseme alichosema mwaka jana, nami nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi, na hesabu nitaziandaa mwenyewe bila malipo.

Nani atalipa? Sisi. Tukiwa 200, kila mmoja akatoa shilingi 5,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi milioni 1 kila mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Sijasema tuko 200, sijasema kipindi kitagharimu hivyo. Bei kamati itaipata kwa maandishi kutoka kwenye vituo visivyopungua vitatu, kama taratibu za manunuzi zinavyotaka. Ninawaonyesha tu nguvu ya kidogo kinachorudi kila mwezi. Mtu akiahidi milioni leo mbele ya kamera kisha akazima simu hadi mwaka ujao, kitabuni kwangu huyo ni mdaiwa. Anayetuma 5,000 kila tarehe moja kwa simu yake, bila kupigwa picha, huyo ndiye mwenye redio.

Kwa hiyo fomu mtakayoikuta mezani leo ina sehemu mbili. Ile ya juu ni ya mchango wa siku, na tafadhali msiiruke, maana mambo ya madawati yaliyomo kwenye ratiba bado yapo. Ile ya chini ni ya ahadi ya kila mwezi. Andika kiasi ambacho mkeo au mumeo akikiona hamtagombana. Kidogo kinachofika ni bora.

Nimalizie na shangazi.

Alifariki miaka michache iliyopita, akiwa mzee sana, hapo hapo Urambo. Habari zilitufikia kwa simu ndani ya dakika, bila posta, bila karani wa kuhesabu maneno. Nilipewa kazi ya kuandika tangazo la kusomwa redioni, kwa sababu wazee wa ukoo walisema msiba usiotangazwa redioni haujakamilika. Niliandika majina yote. Watoto, wajukuu, vitukuu, wakwe, binamu wa Kasulu na wa Kakonko, hata wale tusiosalimiana. Kijana wa kituo akanipigia kuniambia tangazo ni refu, litazidi muda wa kawaida na bei itapanda. Nikamwambia asome yote, nitalipa.

Ilikuwa fedha nyingi kwa tangazo moja. Lakini mara hii tulilipa wenyewe, na hakuna aliyefutwa.

Hicho ndicho ninachokiomba kwa Kitahana. Siku tutakaposikika, tusikike sote, kwa sababu ankara ina majina yetu.

 Mwenyekiti, sasa waruhusu watu wakale.